Meno ya tembo hayaoti upya

Kuna ndugu anasema majangili humkata tembo pembe tu, halafu zinaota nyingine. Hapana ndugu, jangili hawezi kumkata tembo pembe halafu akamwacha aote nyingine. Ile tunayoita pembe ya ndovu ni jino, tena theluthi moja hivi imezama ndani ya fuvu. Ili aitoe yote, jangili anamuua mnyama kwanza, kisha anapasua uso kwa shoka. Nilikulia Manyoni, mkoani Singida, na niliwahi kuona mzoga upande wa pori la akiba la Kisigo: mkonga umetupwa pembeni, na kuanzia machoni kushuka chini palibaki shimo tu. Ngozi ya mgongoni ilikuwa haijaguswa hata kidogo. Nyama hawakuitaka.

Labda umechanganya na faru. Pembe yake ni kitu kilekile cha kucha zetu, ikikatwa juu ya nyama na mtaalamu baada ya kumlaza kwa dawa, inaota tena. Kwa tembo, ncha ikivunjika jino huendelea kurefuka, ila likishang'olewa kwenye mzizi ndiyo basi.

Na msidhani waliouawa miaka ile walikuwa wachache. Sensa ya 2009 ilikuta tembo kama 109,000 Tanzania nzima. Ya 2014 ikakuta 43,000 hivi, na ukanda wetu wa hifadhi za Ruaha-Rungwa ni kati ya ulioumia sana.

Ukiokota jino porini, hata la tembo aliyejifia, usilibebe nyumbani. Ni nyara ya serikali, toa taarifa kwa askari wa wanyamapori.