Dada, hiyo Septrin isimezwe tena hata kidonge kimoja

Umesema mumeo kaanzishiwa Septrin, dawa yenye salfa ya kukinga maambukizi, kliniki baada ya kukutwa na VVU, sasa wiki ya pili ana homa, vipele vyekundu kifuani, macho mekundu, midomo inachubuka, na duka la dawa wamekwambia aendelee. Unauliza sabuni ya kuogea na kama apunguze dozi. Asipunguze, aache kabisa, na muende hospitali leo. Si kesho.

Mdogo wangu wa kike alianza hivyohivyo. Muuzaji wa duka la dawa akamtazama toka nyuma ya kaunta: "Aleji tu hiyo, kunywa Piriton, dozi usikatishe." Hata kumwambia afungue mdomo hakumwambia! Angeona vidonda mpaka kooni. Nikipita pale hadi leo damu inachemka. Na tulimwamini kwa sababu "usikatishe dozi" ndiyo wimbo tunaoimbiwa kliniki kila siku, na kwa ARV ni kweli. Kwa hiyo akaendelea kumeza, asubuhi na jioni.

Akaamka kope zimegandana, midomo ina magamba meusi ya damu, mgongo malengelenge matupu. Tulipomgeuza, ngozi ikabaki kwenye shuka. Hospitali wakasema ni Stevens-Johnson, yaani mzio mkali wa dawa unaobandua ngozi, wakamhudumia kama aliyeungua moto: dripu, gozi yenye vaselini, matone ya macho. Alipona, ila macho yamebaki makavu na jua linamtesa.

Ugonjwa huu huua kama mtu 1 kati ya 10, na ngozi ikibanduka zaidi ya 30% ya mwili, vifo ni vingi zaidi ya hapo. Mara nyingi hutokea ndani ya wiki 4 za kwanza za dawa, na mwenye VVU yuko hatarini kuliko wengine.

Shika hili: vipele vikija na homa, au vikigusa mdomo, macho au sehemu za siri, dawa mpya inasimama na daktari anamuona siku hiyohiyo. Beba vidonge vyake vyote, ARV zikiwemo, wao ndio waamue kipi kibaki, maana nevirapine, ARV mojawapo, nayo huleta haya. Usimpake majani, usitoboe malengelenge. Kwenye kadi yake waandike kwa kalamu nyekundu kwamba hapewi salfa, SP ya malaria ikiwemo.

Mko mkoa gani? Kituo cha karibu kikishindwa, dai rufaa usiku huuhuu.