Rangi ya plastiki za milango ya pikapu inabanduka: kosa liko wapi?

SWALI: Shikamoo fundi. Nina Hilux Vigo dabo kebini ya 2012, rangi ya fedha, kwenye kibati cha gari namba ya rangi imeandikwa 1D6. Mwaka jana nilinunua zile plastiki pana nyeusi za kukinga milango, za kubandika, nne. Nilizipiga msasa mwenyewe, nikazipulizia rangi ya fedha ya kopo, zikapendeza sana. Mwezi wa tatu rangi ikaanza kutoka vipande vipande kama nyoka anayejivua gamba, na moja ilidondoka njiani kati ya Muheza na Tanga, sikuiona tena. Sasa nimenunua seti nyingine. Nataka rangi ishike, ifanane na gari, na milango ya mbele iwe na jina la shamba letu. Fundi wa mtaani anasema tuzikaze kwa skurubu. Unanishauri nini? (Msomaji, Muheza)

JIBU: Marahaba, kijana wangu. La skurubu nilimalize kwanza: usikubali. Bati la mlango likishatobolewa, ukingo wa tundu unabaki chuma kitupu, na hewa ya chumvi ya Tanga haingoji kukaribishwa mara mbili. Isitoshe, nyuma ya bati hilo kuna kioo kinachoshuka na nyaya zinazopita. Fundi akikosea vidole viwili tu, utanunua kioo. Plastiki iliyobandikwa sawasawa haidondoki. Yako ilidondoka kwa sababu inayofanana na ile iliyobandua rangi.

Chukua moja ya hizo mpya, igeuze, utafute mgongoni herufi ndogo zilizochapwa katikati ya alama mbili kama ncha za mishale: >PP<, >PP+EPDM<, >TPO< au >ABS<. PP ni polipropilini, ndugu wa plastiki ya viti vya sherehe na ndoo nyingi za nyumbani. Hiyo EPDM ni mpira uliochanganywa humo ili isipasuke ikigongwa, na TPO nayo ni mchanganyiko wa namna hiyohiyo. Jamii hii yote ina tabia moja: uso wake haupendi kushikwa. Rangi ikimwagwa juu yake hukauka na kuonekana imeshika, kumbe imelala tu kama shuka kitandani. Jua likiitanua plastiki mchana na usiku ikajikunja, shuka linaanza kufunuka pembeni. ABS ni tofauti. Hiyo hupokea rangi bila matata.

Kama herufi hazipo, kata kijisehemu cha mgongoni ukitumbukize kwenye glasi ya maji yenye tone la sabuni. Kikielea, ni jamii ya PP. Kikizama, usikimbilie kusema ni ABS, kwa sababu viwanda huchanganya PP na unga wa talki ili kuikaza, na unga huo huizamisha. Mimi nikiwa na shaka naihesabu kuwa PP, kisha natumia praima ya plastiki (koti la kwanza la kushikisha rangi) ambayo kopo lake limeandikwa kuwa inafaa aina zote.

Hiyo praima ya plastiki ndiyo uliyoikosa. Naisema hii kwa aibu kidogo, maana zamani nilimpakia mteja bampa zima bila kuiweka, nikijidai msasa unatosha. Alirudi baada ya kuoshewa gari kwa presha, na rangi ameibeba kwenye mfuko wa plastiki. Nilirudia kazi bure. Msasa kwenye PP husaidia kidogo tu, na ukiupiga mkavu plastiki huota manyoya kama jamvi lililochakaa. Praima ya plastiki huwa maji tu, haina rangi au ina kijivu hafifu, na haifuniki mikwaruzo. Kazi yake ni kushika plastiki kwa chini na kuishikilia rangi kwa juu. Usiichanganye na ile praima nene ya kijivu ya kusawazishia bati.

Usafi sasa, na hapa usione uvivu. Plastiki mpya hutoka kiwandani na mabaki ya dawa inayoizuia isigande kwenye kalibu. Ioshe kwa maji ya vuguvugu na sabuni ya vyombo, isugue kwa skochi ya kijivu (kile kitambaa kikavu cha kukwaruzia) hadi mng'ao uishe kabisa, hasa kwenye kingo na vijikona, kisha suuza. Maji yakitandaa uso mzima kama karatasi, uko sawa. Yakijikusanya matone matone kama umande kwenye jani la mgomba, rudia. Ikikauka, ipanguse kwa dawa ya kuondolea mafuta au alkoholi ya isopropili, kitambaa kimoja cha kupakia na kingine kikavu cha kufutia. Usitumie spiriti ya kusafishia vidonda. Nyingi zimetiwa mafuta ya nyonyo ili zisikaushe ngozi, na mafuta hayo yataacha kwenye rangi vishimo vidogo vya duara tunavyoviita macho ya samaki. Sanitiza nayo ina gliserini, iache ibaki kwa mikono. Na yule kijana anayeng'arisha matairi na dashibodi asikae na chupa yake karibu na wewe siku hiyo.

Kabla ya kupuliza chochote, ziba ile tepu ya mgongoni na sehemu yote inayoizunguka. Wengi hupiga rangi mbele na nyuma ili plastiki ionekane imekamilika. Tepu ikikaa juu ya rangi, inashika rangi, haishiki plastiki. Rangi ikibanduka mgongoni, kitu kizima kinaondoka na upepo.

Praima ya plastiki piga makoti mawili mepesi, mepesi kweli, uache ipumue kwa muda ulioandikwa kwenye kopo. Muda huo una mwanzo na mwisho: ukiwahi mno rangi itavimba, ukichelewa hadi kesho yake praima nyingi huwa zimeshafunga mlango. Usiipige msasa. Kama unataka kufuta zile chembechembe zinazofanana na ngozi ili uso uwe laini kama bati, hapo ndipo inafuata praima nene ya 2K (ile inayochanganywa na hadena, dawa ya kuigandisha), makoti mawili au matatu, ikikauka piga msasa wa maji namba 600 halafu 800. Mimi ningeziacha chembechembe. Zinaficha mikwaruzo, na gari la shamba litakwaruzwa tu.

Tuje kwenye kufanana, maana fedha ndiyo rangi inayowaumbua mafundi. Namba ya 1D6 itakupatia fomula kwenye duka la kuchanganyia rangi, lakini gari lako limekaa juani zaidi ya miaka kumi, na namba haijui hilo. Robo lita inatosha kwa plastiki nne na kubaki. Pulizia kwanza kipande cha bati au kadi ngumu, kipige na klia (koti la juu lisilo na rangi), kikauke, kisha kishike ubavuni mwa mlango nje kwenye mwanga wa mchana. Chini ya taa ya gereji kila fedha hufanana na kila fedha.

Rangi ya fedha ina vipande vidogo sana vya alumini vinavyoelea ndani yake. Ukipiga koti la majimaji, vinazama na rangi inakuwa ya kiza. Ukipiga kwa mbali na kavukavu, vinalala juu na rangi inang'aa kupita kiasi. Kwa hiyo plastiki nne zipulizwe siku moja, kutoka mchanganyiko mmoja, na mkono mmoja. Halafu zisilazwe mezani. Zitundike wima, upande wa juu ukiwa juu, kama zitakavyokaa mlangoni. Nimeona kazi nzuri kabisa ambayo mlango wa nyuma ulionekana wa gari jingine kwa sababu plastiki moja ilipulizwa ikiwa imelala. Hizo tatu za zamani usizitupe, zifanyie mazoezi.

Kuhusu aina ya rangi: ile ya NC (ya nitroselulosi) inayokauka haraka na kuuzwa kwa bei ndogo huwa ngumu na kavu, kwenye plastiki inayopinda itapasuka. Tafuta rangi ya beisi ya magari, yaani koti la rangi yenyewe, na klia ya 2K yenye hadena. Makoti mawili au matatu ya beisi, kati ya koti na koti subiri hadi mng'ao wa maji uishe, halafu klia makoti mawili. Fanya kivulini, si kwenye plastiki iliyotoka juani, na si asubuhi ya masika hewa ikiwa imeloa. Kompresa iwe na kichujio cha maji, ukimwage kabla hujaanza.

Ila nikuonye. Hadena ya 2K ina kemikali ya isosayanati, na hiyo si harufu ya kuzoea. Inaweza kukuachia pumu ya maisha, na barakoa ya kitambaa au ya vumbi haikukingi nayo. Anayeipuliza anatakiwa avae barakoa inayoletewa hewa safi kwa bomba. Ushauri wangu kwa mtu wa kazi moja: usafi, msasa na kuziba fanya mwenyewe, maana hapo ndipo mafundi wengi wanapofupisha njia, kisha mlipe mwenye chumba cha rangi apige praima, beisi na klia ukiwa umesimama nje.

Jina la shamba liandikwe baada ya beisi ya fedha kukauka, kabla ya klia. Duka la stika wakukatie herufi kwa namna ya kiolezo, yaani tundu ndiyo herufi. Bandika, puliza nyeusi koti mbili nyembamba, bandua kiolezo rangi ikiwa bado laini kidogo, halafu klia ifunike vyote. Kuna wanaobandika herufi kwenye plastiki tupu na kupiga fedha juu yake ili weusi wa asili utokee. Inapendeza, lakini kila ukingo wa herufi unakuwa mahali pa kuanzia kubanduka.

Kama hufungamani sana na kufanana, lipo chaguo la katikati ambalo mimi binafsi nalipenda: ile rangi ngumu yenye chenga inayopakwa ndani ya bodi ya pikapu. Zipo zinazochanganywa na rangi ya gari, mfano Raptor ya U-POL. Mkwaruzo wa mti hauonekani. Praima ya plastiki bado ni lazima.

Kubandika. Zilizobaki mlangoni zitoe kwa mshipi wa kuvulia: pasha plastiki kwa mashine ya kukaushia nywele, pitisha mshipi nyuma yake ukivuta huku na huku kama msumeno. Mabaki ya gundi yalainishe kwa mafuta ya taa kidogo, halafu osha kwa sabuni na umalizie na alkoholi, kwa maana mafuta ya taa yenyewe huacha utando. Tepu iwe ya povu la akriliki ya magari, si ile sponji nyeupe ya kubandikia vioo vya bafuni. Ukiweka tepu mpya mgongoni, hapo nako PP inataka praima ya tepu.

Weka mstari kwa tepu ya karatasi ukipima kutoka ukingo wa chini wa mlango, mbele na nyuma. Usifike ukingoni. Mlango unapofunguka, ukingo wake wa mbele huingia ndani nyuma ya fenda, na wa mlango wa nyuma hufanya vivyo hivyo karibu na wa mbele. Acha sentimita moja hivi, na ujaribu kufungua milango yote miwili plastiki ikiwa imeshikizwa kwa tepu ya karatasi kabla ya kutoa filamu nyekundu inayofunika gundi ya tepu. Ukishabandika, bonyeza kwa kiganja kutoka mwisho mmoja hadi mwingine kwa nguvu zako zote. Tepu hizi hufika nguvu kamili baada ya saa 72, kwa hiyo gari lisiguse barabara ya vumbi wala maji siku tatu. Ukipeleka kuosha, mwambie kijana asielekeze mpira wa presha kwenye ukingo wa plastiki, apige kutoka mbele na akae mbali kidogo.