Vipimo ni safi lakini tumbo lauma: kwa nini nielekezwe kwa mwanasaikolojia?

SWALI

Daktari, mimi ni mwalimu wa shule ya msingi na ninaishi Mumias. Mnamo 2021 niliugua kuhara damu kwa wiki nzima, nikatibiwa na nikapona, lakini tangu wakati huo tumbo langu halijatulia. Hunisokota siku mbili au tatu kila wiki, na ninapokwenda haja hupata nafuu kidogo, kisha msokoto hurudi. Nimetibiwa amiba na taifodi mara nyingi hata nimeacha kuhesabu. Mwaka huu nilipimwa damu na kinyesi mjini Kisumu, nikafanyiwa na kolonoskopi (kuchunguzwa utumbo mpana kwa kamera), na vyote vikawa safi. Daktari alisema nina IBS, yaani utumbo unaouma na kuvuruga choo ingawa vipimo ni safi, akaniandikia amitriptilini miligramu 10 kila usiku na kunielekeza kwa mwanasaikolojia. Muuzaji wa duka la dawa akaniambia kwamba hiyo ni dawa ya wagonjwa wa akili, nami sijaimeza hadi leo. Siku hizi sili chochote kabla ya kupanda matatu, na safari ya Kisumu naiogopa. Je, daktari anaona kwamba maumivu yangu ni ya kubuni? Mazungumzo yanawezaje kutibu utumbo? Dada yangu naye ana kolaitisi ya vidonda: je, amejiletea kwa mawazo? Na je, nimweleze mwalimu mkuu?

JIBU

Mwalimu, pole sana kwa miaka yote hiyo ya kuumwa. Mimi ni mwanasaikolojia wa tiba na hushughulika na wagonjwa wanaotumwa na madaktari wa tumbo, na swali lako la kwanza ndilo ninaloulizwa na karibu kila mmoja wao, wengine kwa sauti na wengine kwa macho tu. Maumivu yako si ya kubuni. Kolonoskopi huonyesha ukuta wa utumbo, yaani kama una vidonda, uvimbe au saratani. Haina uwezo wa kuonyesha namna mishipa ya fahamu ya utumbo huo inavyofanya kazi, na tatizo lako liko huko.

Utumbo una mtandao wake wenyewe wa mamilioni ya seli za fahamu, nao huwasiliana na ubongo usiku na mchana. Mshipa mmoja mkubwa uitwao vagasi umebeba sehemu kubwa ya mawasiliano hayo, na takribani asilimia 80 ya nyuzi zake hupeleka habari kutoka viungoni kwenda kwenye ubongo, si kinyume chake. Kwa hiyo wanaosema kwamba "kichwa kinalisumbua tumbo" wamesema nusu tu ya ukweli, kwa sababu tumbo nalo hukisumbua kichwa. Mwaka 1973 iliripotiwa Uingereza kwamba kipira kidogo kilipopulizwa ndani ya utumbo mpana, watu wenye IBS waliumia kwa kiasi cha hewa ambacho kwa wengi wa wenzao hakikuwa na maumivu. Gesi ambayo mwenzako hukaa nayo bila hata kuitambua, kwako huwa msokoto.

Chanzo cha hali hiyo kwako huenda kikawa ule ule ugonjwa wa 2021. Maambukizi makali ya utumbo yanapopona, mtu mmoja kati ya kumi hivi hubaki na IBS, kana kwamba mlinzi aliyeamshwa na mwizi amekataa kulala tena hata baada ya mwizi kukamatwa. Jambo hilo lilifuatiliwa kwa miaka mingi katika mji wa Walkerton, Kanada, baada ya maji ya mfereji kuchafuliwa na bakteria mnamo Mei 2000. Wapo wakazi waliopona kuhara wakabaki na matumbo yasiyotulia, na waliokuwa na wasiwasi au huzuni kabla ya ugonjwa walikuwa katika hatari zaidi. Hawakuyabuni maumivu yao, walikunywa maji machafu.

Naomba niseme neno kuhusu zile dawa za amiba na taifodi. Katika eneo letu hili la magharibi kipimo cha Widal, kile cha damu cha kutafuta taifodi, hufanywa kwa wingi, nacho kinaweza kusoma "taifodi" kwa mtu asiye nayo, hasa kwetu sisi ambao tumewahi kukutana na vijidudu hivyo zamani. Kila duru ya antibayotiki isiyohitajika huvuruga bakteria wema wa utumbo na huahirisha jibu la kweli. IBS hutambuliwa kwa dalili zenyewe: maumivu ya tumbo angalau siku moja kwa wiki katika miezi 3 iliyopita, yaliyoanza si chini ya miezi 6 kabla, yanayohusiana na kwenda haja au na mabadiliko ya choo. Maelezo yako yanaafikiana na hayo. Ukiona damu kwenye choo, ukipungua uzito bila sababu, ukipata homa au upungufu wa damu, au tumbo likikuamsha usingizini, rudi kwa daktari kwanza. Hayo si mambo ya kuyaleta kwangu.

Sasa nije kwenye swali la mazungumzo, nami nitakaa hapa kidogo kwa sababu ndipo wengi wanapokata tamaa wakidhani wataambiwa "usiwe na mawazo mengi". Mtu akikuambia hivyo na kuishia hapo, hajakutibu. Tiba ya fikra na tabia kwa ajili ya utumbo ni kazi mahususi, huchukua vikao kama sita hadi kumi, na huanza kwa kuutazama mzunguko ambao ugonjwa umeujenga katika maisha yako.

Tuutazame wako. Unaogopa kubanwa na haja ndani ya matatu, kwa hiyo huli asubuhi. Pengine unakula mlo mmoja mkubwa jioni, ugali wa kushiba na maharagwe, baada ya kutwa nzima ya njaa, na tumbo lililokaa tupu hupokea mzigo huo kwa kishindo. Ukiwa kwenye kiti, masikio yako yote yako tumboni: umesikia nini, kimesogea nini, choo cha stendi inayofuata kiko wapi. Ubongo unaotegea maumivu huyapandisha sauti, nayo hofu yenyewe huharakisha mwendo wa utumbo mpana. Ukifika salama, unaamini kwamba ni njaa iliyokuokoa, na kesho unafunga tena. Hapana udhaifu wa moyo katika hayo, kwa maana mtu yeyote mwenye akili timamu angejihami vivyo hivyo. Kinachosikitisha ni kwamba kujihami huko ndiko kunakouweka ugonjwa hai.

Tunaufungua mzunguko huo mahali kadhaa. Utumbo mpana husukuma kwa nguvu zaidi asubuhi na mara baada ya kula, kwa hiyo badala ya kufunga, utaamka mapema zaidi, utakunywa chai na kula kitu kidogo nyumbani, kisha utakaa chooni bila haraka na bila kujikamua, ili msukumo huo uishie kwako na si barabarani. Utajifunza kupumua kwa kiwambo, yaani msuli ulio chini ya mapafu: mkono juu ya kitovu, hewa ikiingia tumbo linainuka, nayo inatoka polepole kuliko ilivyoingia, kwa dakika tano hadi kumi, mara mbili kwa siku. Ujifunze siku ambazo huumwi, maana asiyezoea kuogelea hafundishwi wakati wa mafuriko. Kisha tutazirudia safari kwa ngazi, ukiwa umekula: kwanza Mumias hadi Shianda, na urudie hadi ikuchoshe kwa kuzoeleka, halafu Kakamega, halafu Chavakali, na hatimaye Kisumu. Lengo la safari hizo si kuthibitisha kwamba hutabanwa kamwe, bali kuufundisha mwili wako kwamba hata ukibanwa kidogo, msokoto hupanda, hufika kilele na hushuka.

Ushahidi upo. Utafiti wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2019 uliwafuata wagonjwa 558 ambao dalili zao zilikuwa zimekataa matibabu ya kawaida. Waliopewa tiba hii kwa simu au kwa intaneti walipata nafuu kuliko waliobaki na matibabu ya kawaida pekee, na faida hiyo ilionekana hata baada ya miezi 24. Kwako habari ya simu ni muhimu, kwa sababu si lazima upande gari kila wiki. Iko pia hipnosisi ya utumbo, iliyoanza kuthibitishwa mjini Manchester mwaka 1984 kwa wagonjwa 30. Waumini wengi huniuliza kama ni jambo la mapepo, nami huwajibu kwa heshima kwamba ni utulivu wa kina ambamo mgonjwa yu macho, anasikia kila neno, na anaweza kuinuka wakati wowote. Asiyeridhika nayo haachwi bila tiba, kwa kuwa njia niliyoieleza hapo juu inatosha.

Kuhusu amitriptilini, ni kweli kwamba ilianza kama dawa ya sonona (ugonjwa wa huzuni kubwa ya kudumu), lakini huko hutolewa kwa kipimo cha miligramu 75 na kuendelea. Katika kipimo kidogo hutuliza mishipa inayopeleka maumivu na hupunguza mwendo wa utumbo. Jaribio la Uingereza la mwaka 2023, lenye wagonjwa 463 wa IBS, lilitumia miligramu 10 hadi 30 na likaonyesha kwamba inasaidia kuliko kidonge kisicho na dawa. Inaweza kukausha mdomo, kuleta usingizi na kufanya choo kiwe kigumu, kwa hiyo mweleze daktari wako kama una ugonjwa wa moyo au unatumia dawa nyingine, naye ndiye atakayeamua kipimo. Ifungie mbali na watoto.

Dada yako hakujiletea kolaitisi. Huo ni ugonjwa ambamo kinga ya mwili huushambulia utando wa utumbo mpana, na dawa za kutuliza uvimbe hazina mbadala. Yeyote atakayemshauri aziache ili aombe au azungumze tu anamhatarisha. Mahali pangu kwake ni penginepo: uchovu, hofu ya damu kurudi, aibu ya kukimbilia choo, na dawa zinazoachwa kimya kimya anapojisikia vizuri. Yapo pia maumivu yanayobaki wakati uvimbe umekwisha. Kipimo cha kinyesi kiitwacho kalprotektini humsaidia daktari kujua kama utumbo unawaka tena au ni mishipa tu iliyobaki na ukali, na jibu hilo hubadilisha matibabu yote.

Ukimtafuta mtaalamu, hakikisha amesajiliwa chini ya sheria ya washauri na wanasaikolojia ya mwaka 2014, na umuulize kama amefunzwa tiba ya fikra na tabia na kama yuko tayari kuwasiliana na daktari wako. Hospitali kuu za rufaa za Kisumu na Eldoret zina idara za afya ya akili ambazo ni mahali pazuri pa kuanzia. Nenda na daftari la wiki mbili lenye saa uliyoumwa, ulichokula, ulichokuwa karibu kukifanya na ulichofanya ili usiumwe. Safu hiyo ya mwisho ndiyo nitakayoisoma kwanza.

Na mwalimu mkuu, ndiyo, mweleze, ila huna haja ya kumsimulia yote. Inatosha kusema kwamba una ugonjwa sugu wa utumbo unaotibiwa, na kuomba kwamba somo lako la kwanza lisiwe la saa moja asubuhi kwa muhula huu, na kwamba ukitoka darasani kwa dakika tano mwenzako wa darasa la jirani awatupie wanafunzi jicho. Wagonjwa wangu waliokwisha kuomba hivyo, wengi wao waliniambia kwamba ruhusa hiyo waliihitaji mara chache kuliko walivyodhani, kwa sababu kujua tu kwamba mlango uko wazi kulipunguza kubanwa kwenyewe.