Usiipeleke kwa wanunuzi wa vyuma chakavu

Mdogo wangu, umesema marehemu mzee amewaachia Peugeot 504 ya siti saba iliyolala uani miaka mingi, na unauliza kama kuna mjukuu atakayekuja kuihangaikia au uiuze kwa kilo. Usiiuze, nakusihi.

Watu hudhani magari ya kutunzwa ni yale ya matajiri. Mimi naona mtu hulitafuta gari lililombeba utotoni. Pejo 504 zilishinda Safari Rally mwaka 1975 na 1978, lakini si hilo litakalomgusa mjukuu. Ni zile safari za Nairobi hadi Nakuru, abiria wamebanana siti ya nyuma kabisa, gia pembeni ya usukani, mizigo imefungwa juu ya keria. Corolla KE70 na Datsun 160J naziweka kundi hilohilo.

Injini isikutishe. Kama ni ya petroli, ina kabureta, na mafundi wazee wanaielewa vizuri. Adui ni kutu. Ng'oa mazulia, chukua bisibisi, gandamiza sakafu na chini ya milango. Bisibisi ikizama, tafuta fundi bodi kabla hujanunua spea yoyote. Taa, vishikio vya milango, ile nembo ya simba: usitupe hata kilichovunjika, maana vidogo hivyo ndivyo vinavyosumbua kupatikana. Na hati ya umiliki ibadilishwe jina mapema, wakati wazee wa familia bado wapo.