Kutuni kompyuta ya Forester SG5: injini kwanza, ramani baadaye

SWALI: Fundi, shikamoo. Nina Subaru Forester SG5 ya 2004, ile ya turbo, gia ya mkono. Nimebadilisha bomba lote la moshi kuwa la inchi 3 na nimeweka kichujio cha hewa cha koni. Siku hizi nikikanyaga hadi mwisho kwenye gia ya 3, gari linakata ghafla kama limezimwa, kisha linaendelea. Nataka kufunga turbo kubwa ya IHI iliyotolewa kwenye Subaru Impreza STI. Jamaa mmoja ananiuzia chip ya kuchomeka chini ya dashibodi, mwingine ananiambia ning'oe kompyuta ya Subaru niweke nyingine kabisa. Nakaa Nairobi na karibu kila mwezi nashuka Mombasa. Nianzie wapi?

JIBU: Marahaba. Kabla ya lolote, acha kulikanyaga hilo gari hadi mwisho. Huko kukata ni kompyuta inayoiokoa injini yako. Ulipofungua njia ya moshi, turbo ilipata nafasi ya kuzunguka kwa kasi kuliko Subaru walivyopanga, na mlango mdogo wa kupunguzia moshi kwenye turbo hauwezi tena kuizuia. Presha ikivuka kiwango kilichoandikwa ndani ya kompyuta, petroli inafungwa. Atakuja mtu akuuzie kifaa cha kuidanganya sensa ya presha ili kukata kuishe. Mkatalie. Utakuwa umeondoa kinga na tatizo umelibakiza.

Chip ya kuchomeka usihangaike nayo. Nyingi za bei rahisi ukizifungua unakuta taa ndogo inayomweka na vipande vichache vya umeme visivyowasiliana na kompyuta kwa namna yoyote ya maana. Huyo wa pili hajakosea kabisa, ila ushauri wake unafaa gari jingine. Impreza za miaka ya 1990, zile za GC8, kompyuta yake haikutengenezwa ili ifleshiwe, yaani iandikwe upya, kwa waya, kwa hiyo wenye GC8 wengi huishia kuweka kompyuta ya kujitegemea kama Link au Haltech. Yako ya 2004 ina kompyuta ya Denso. Hiyo inasomwa na kuandikwa upya kupitia soketi ya uchunguzi iliyo chini ya usukani, kwa waya wa Tactrix Openport na programu za EcuFlash na RomRaider, na programu zote hizo mbili ni za bure. Kwa nguvu unayoitafuta, kompyuta ya kiwandani inatosha na inabaki. Ina kinga nyingi zilizopangwa na watu walioijua injini hii tangu ikiwa kwenye karatasi, na kuzijenga upya zote kwenye kompyuta mpya ni kazi kubwa ambayo mafundi wengi hawaimalizi.

Sasa injini yenyewe. Gari lako lina zaidi ya miaka 20 na sehemu ya maisha yake lilikuwa Japani, ambako huwezi kujua lilitunzwaje. Pima komperesheni ya silinda zote 4 injini ikiwa imepata moto, plagi zote zikiwa nje, petroli ikiwa imekatwa, betri ikiwa imejaa na pedali ya mafuta imekanyagwa hadi chini. Namba zilizo kwenye kitabu cha gari ni za usawa wa bahari. Nairobi, karibu mita 1,700 juu yake, hewa ni nyepesi na geji itaonyesha pungufu hata kwa injini nzima. Kwa hiyo zilinganishe silinda zenyewe kwa zenyewe: moja ikiachwa nyuma na wenzake kwa zaidi ya asilimia 10, usiendelee na mpango wa turbo mpaka ujue kwa nini. Pistoni za EJ20, injini ya gari lako, zile za kiwandani zinavumilia mengi, lakini hazivumilii kugonga, yaani petroli kulipuka yenyewe ndani ya silinda badala ya kuungua kwa utaratibu. Injini ikigonga chini ya presha, kinachovunjika kwanza mara nyingi ni ule ukuta mwembamba kati ya ringi na ringi, na ukishavunjika hapo hakuna ramani, yaani majedwali ya petroli na cheche yaliyo ndani ya kompyuta, itakayorudisha nguvu.

Kichujio cha koni naomba ukitoe, urudishe kisanduku cha Subaru. Mbele ya turbo kuna sensa ya hewa: waya mdogo unaopozwa na hewa inayopita, na kompyuta inakisia kiasi cha hewa kutokana na volti za waya huo. Jedwali la kugeuza volti kuwa gramu za hewa liliandikwa kwa bomba la upana ule ule wa kiwandani. Ukiweka bomba pana zaidi, hewa ile ile inapita polepole, waya unapoa kidogo, kompyuta inadhani hewa ni chache na inanyima petroli. Ukiendesha taratibu hutaona kitu, kwa sababu sensa ya oksijeni inasahihisha kosa. Ukikanyaga hadi mwisho, kompyuta huacha kuisikiliza sensa hiyo na kufuata jedwali tu. Hapo ndipo pistoni huyeyuka. Fundi mzuri anaweza kuliandika upya jedwali la sensa ya hewa, ila kisanduku cha kiwandani chenye kichujio kipya hakikubani kwa turbo unayoitaka, na kinavuta hewa baridi kutoka nje badala ya joto la chumba cha injini.

Petroli ndiyo nusu ya kazi. Turbo ya STI itasukuma hewa nyingi kuliko nozeli zako, zile zinazomwagia silinda petroli, zinavyoweza kulisha. Ukweli huo unaonekana kwenye rekodi zinazosomwa kutoka kwenye kompyuta. Katika mizunguko 6,000 kwa dakika, kila silinda inapata milisekunde 20 tu kutoka kumwagiwa petroli mara moja hadi nyingine. Ukiona nozeli inafunguka milisekunde 17, umefika asilimia 85, na hapo ndipo mimi husimama. Ikifika 19 au 20 haifungi tena. Hewa ikiongezeka kidogo, petroli haina pa kuongezekea. Weka nozeli kubwa zaidi zilizopimwa, zote 4 za aina moja, na pampu mpya ya lita 255 kwa saa, si ya kuokota kwenye gari lililogongwa. Plagi ziwe baridi kwa hatua moja. Kwa NGK namba kubwa ndiyo baridi, kwa hiyo kama zako ni za 6, nunua za 7, na upunguze mwanya wake uwe karibu milimita 0.7.

Kuna jambo la oktani, yaani uwezo wa petroli kustahimili kugonga. Gari hili lilipangiwa petroli ya juu ya Japani, ambayo kanuni za huko zinataka isipungue oktani 96, na vituo vingi huuza ya karibu 100. Petroli ya kawaida ya kwetu iko chini ya hapo. Ndiyo maana ramani iliyoshushwa kwenye intaneti, iliyoandikiwa gari la Japani, usikubali iwekwe kwenye lako hata kama muuzaji anaapa. Taimingi, yaani wakati wa plagi kurusha cheche, iliyo salama kule, hapa inagonga.

Siku ya kufleshi, simama karibu uone. Chini ya dashibodi kuna plagi mbili za kijani ambazo fundi ataziunganisha. Ukiwasha swichi bila kuwasha injini, feni zitawaka na kuzima, pampu itasikika ikikatakata na taa ya injini itamweka. Usishtuke, ni hali ya majaribio. Betri iunganishwe na chaja muda wote, kwa sababu umeme ukikatika wakati wa kuandika, kompyuta inaweza kufa pale pale. Kabla ya kuandika chochote, asome programu ya kiwandani, aihifadhi, na akupe nakala. Akisema hawezi kukupa nakala ya programu ya gari lako mwenyewe, funga boneti uondoke.

Kutuni kwenyewe kufanyike kwenye daino, mashine ya kupima nguvu ambayo gari hukimbia juu yake likiwa limesimama. Barabarani gia ya 3 mwishoni inavuka kilomita 110 kwa saa, kikomo cha sheria, na huwezi kutazama skrini na barabara kwa pamoja. Fundi awe na sensa ya waidibendi kwenye bomba la moshi. Ile ya kawaida ya magari mengi inajua tu kama petroli imezidi au imepungua, haijui kwa kiasi gani. Chini ya presha mimi hutaka hewa sehemu 11 hadi 11.5 kwa petroli sehemu 1. Aanze na presha ndogo na taimingi iliyorudishwa nyuma, apande kidogo kidogo. Kila mara aangalie kipimo kinachoitwa IAM, ambacho ni imani ya kompyuta juu ya petroli uliyoweka. Kwenye kompyuta za zamani kidogo kilele chake ni 16, kwenye mpya zaidi ni 1. Kikiwa kileleni, kompyuta inatumia taimingi yote. Kikianza kushuka, imesikia kugonga na kugonga huko hakujakoma. Fundi anayekuonyesha nguvu za farasi bila kukuonyesha IAM hajakuonyesha kitu.

Na hapa ndipo safari zako za Mombasa zinaponitia wasiwasi kuliko turbo yenyewe. Presha ya hewa Nairobi ni karibu bar 0.83, Mombasa ni 1.01. Turbo ikiongeza bar 1 juu ya hewa iliyopo, Nairobi injini inapokea 1.83, Mombasa inapokea 2.01, yaani asilimia 10 zaidi, tena kwenye joto na petroli ile ile. Gari lililotuniwa Nairobi peke yake halijawahi kuzifikia zile safu za mwisho za jedwali la taimingi na la petroli, kwa hiyo mle ndani mna makisio ya fundi tu. Mwambie mapema kwamba unashuka pwani. Azijaze safu hizo kwa tahadhari, taimingi ipunguzwe na petroli iongezwe, na ashushe kikomo cha presha ili ukifika huko kompyuta isiruhusu hewa ambayo haikupimwa.

Upande wa pili, kompyuta ya Subaru ina jedwali linalopunguza presha kadiri gari linavyopanda mahali pa juu, na mafundi wengi wa Nairobi hulifuta ili wapate farasi wa kuonyesha. Turbo ndogo inaumia kwa hilo: kuipa injini jumla ya bar 1.8, hewa iliyopo pamoja na ya turbo, Mombasa inaizidisha hewa mara 1.8, Nairobi lazima iizidishe karibu mara 2.2. Inazunguka kupita kiasi na inatoa hewa ya moto. Lipunguzwe makali, lisifutwe.

Ile milipuko ya bomba ambayo vijana wanaipenda usiiagize. Inapatikana kwa kuchoma petroli nje ya silinda, ndani ya bomba na kwenye mapanga ya turbo uliyoitolea jasho, na majirani zako wana watoto waliolala.

Kwa hiyo pesa zako zitoke hivi: komperesheni na matengenezo yatakayojitokeza, kisha pampu, nozeli na plagi, kisha ramani nzuri kwa turbo uliyonayo sasa. Endesha hivyo miezi michache, pamoja na safari moja ya pwani. Ukifika Voi simama, usome IAM. Ukifika Mombasa isome tena baada ya mwendo wa kawaida wa mjini. Ikibaki kileleni kote, nunua turbo ya IHI, ukague mhimili wake kwa kuutikisa kwa vidole na kuangalia kama kuna oili upande wa hewa, kisha gari lirudi daino kutuniwa upya kuanzia presha ya chini. Tangu siku litakapofungwa turbo hadi siku ya daino, lisikanyagwe hata mara moja.