Tovuti na daftari la wanachama kwa bei ya chama kidogo
Dada, umeuliza chama chenu cha watu 60 wanaolipa ada ya mwezi kitumie nini kwa tovuti na daftari la wanachama: msikimbilie programu ya kulipia kwa dola, mtachoka kabla mwaka haujaisha. Chukueni domeini (anwani ya tovuti) ya .or.ke, ile ya mashirika ya Kenya, na hostingi ya kawaida (nafasi ya kuweka tovuti mtandaoni) mnayoweza kulipia kwa M-Pesa, mpachike WordPress, programu ya kujengea tovuti, yenyewe ni bure, halafu michango iandikeni tu kwenye Google Sheets, jedwali la mtandaoni. Mkishafika mamia ndo mfikirie CiviCRM, programu ya kutunza wanachama, nayo bure, inakaa humo humo kwenye WordPress, inashika ada na kuwakumbusha waliochelewa, ila inataka mtu wa kuitunza (wetu alihama, tukabaki tunaitazama tu). Na domeini isajiliwe kwa jina la chama, sio la yule kijana aliyewatengenezea, hapo ndo wengi hulia.