Vitonge vya oti na siagi ya karanga: ziache oti zinywe kwanza

Mara tatu za mwanzo vitonge vyangu viliharibika, na mara zote tatu kosa lilikuwa lile lile. Nilichanganya, nikatazama bakuli, nikaona mchanganyiko unanata na haushikiki mkononi, nikaongeza oti. Nikaona bado umelegea, nikaongeza tena. Nikaviringa, nikaweka kwenye friji. Kesho yake vilikuwa vikavu, vinabomoka ukiving'ata, na kila ukimeza koo linaomba maji. Nikailaumu siagi ya karanga, nikanunua nyingine. Kumbe siagi haikuwa na kosa.

Oti kavu zina kiu. Ukishazichanganya na asali na siagi ya karanga, huanza kunywa unyevu polepole na kulainika, na kazi hiyo haiishi ndani ya dakika mbili ulizosimama ukikoroga. Mchanganyiko unaoonekana umelegea sasa hivi, baada ya nusu saa utakuwa umekaza wenyewe. Kwa hiyo changanya, funika bakuli, liweke kwenye friji dakika 30, halafu ndipo uamue kama kuna kitu cha kuongeza. Tangu nilipoanza kusubiri hivyo, sijaharibu tena.

Vipimo ninavyotumia ni hivi: gramu 150 za oti (kama kikombe kimoja na nusu), gramu 130 za siagi ya karanga (nusu kikombe), vijiko vinne vya mezani vya asali, na robo kijiko cha chai cha chumvi. Chumvi usiiache hata kama siagi yako ina chumvi tayari, kwa sababu bila hiyo utamu wa asali unafunika kila kitu na ladha ya karanga inapotea. Hapo napata vitonge 14 hivi vya gramu 25, kila kimoja kikiwa na kalori kati ya 110 na 120. Vinashibisha kweli, viwili vinatosha.

Chagua oti bapa, zile ambazo punje yake imepitishwa kwenye mvuke kisha ikabanwa. Kwa sababu ya mvuke huo, unaweza kuzila bila kuzipika tena. Zile zilizokatwakatwa vipande kwa kisu hazifai kabisa hapa, zinabaki ngumu hata zikilala usiku mzima. Za kuiva haraka zinafaa, ila hunywa zaidi na kitonge kinakuwa laini mno. Mimi huchanganya nusu kwa nusu nikiwa nawatengenezea watoto.

Ingawa hatuoki chochote, napenda kuzipitisha oti kwenye kikaango kikavu, moto mdogo, dakika sita hadi nane, huku nakoroga bila kuacha. Zikianza kunukia kama karanga zinazokaangwa, naepua. Harufu hiyo ndiyo inayotofautisha kitonge cha kawaida na kile ambacho mtu anarudi kukiomba. Ziache zipoe kabisa kabla ya kuchanganya, la sivyo joto lake linalegeza mafuta ya siagi na mikono yako itateleza.

Sasa siagi yenyewe. Ile isiyo na kitu kingine zaidi ya karanga na chumvi hujitenga, mafuta yanapanda juu na chini kunabaki tope zito. Ikoroge mpaka chini kabisa siku unayoifungua. Ukichota juu tu, vitonge vya leo vitavuja mafuta na vya wiki ijayo vitakuwa kama mchanga. Ukisaga mwenyewe, kaanga karanga, menya maganda, zisage zikiwa bado na joto. Zitakuwa unga, kisha donge linalozunguka kwenye blenda kana kwamba limekataa, na hapo wengi hukata tamaa na kumimina maji. Usiweke maji, yataikaza zaidi. Zima mashine ipumzike, kwangua pembeni, endelea. Mafuta yatatoka na donge litalegea lenyewe. Siagi ya korosho au ya lozi inafuata njia hiyo hiyo.

Asali nayo huikaza siagi ya karanga zikikutana zikiwa baridi. Ndiyo maana nazitia pamoja kwenye sufuria, moto wa chini kabisa, chini ya dakika moja, mpaka zitiririke. Zisichemke. Asali ikichemka maji yake yanapungua, na ikipoa unapata kitu kigumu cha kuvunja meno.

Ukipenda kakao, weka vijiko viwili na upunguze oti kiasi hicho hicho, kwani kakao nayo inakunywa unyevu. Mbegu za chia ndizo zenye ulafi kuliko zote: kijiko kimoja kinatosha. Chokoleti iliyokatwakatwa iingie mwisho, mchanganyiko ukiwa umepoa, isije ikayeyuka. Tende zinaweza kushika nafasi ya asali: ziloweke kwenye maji ya moto dakika 10, zichuje, zisage.

Kuviringa ni kazi fupi ukilowesha viganja kidogo. Bana kwanza kwa nguvu ndani ya kiganja, ndipo uviringe; ukiviringa bila kubana, kitonge kitapasuka. Ukitaka vipande vya mstatili, tandika karatasi kwenye trei, kandamiza kwa kitako cha glasi mpaka uso uwe sawa, acha kwenye friji saa moja, kisha kata.

Mambo mawili sitanii nayo. Mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja asipewe asali kabisa, kwa sababu inaweza kubeba vijidudu vya botulizimu (ugonjwa hatari wa sumu unaolegeza misuli) ambavyo tumbo lake haliwezi kuvidhibiti. Na kabla ya kumpa mgeni au mtoto wa mtu, uliza kuhusu mzio wa karanga. Kwa mwenye mzio natengeneza kwa siagi ya mbegu za alizeti, na vyombo vyote naviosha upya kwanza.

Kwenye friji, ndani ya chombo chenye kifuniko, vinakaa wiki moja. Kwenye friza, miezi miwili hadi mitatu. Vitoe robo saa kabla ya kula.

Na kama umesoma haya ukiwa tayari na bakuli la vitonge vikavu, usitupe. Vivunjevunje, ongeza kijiko kimoja cha siagi ya karanga na kijiko kimoja cha asali vilivyopashwa moto, changanya kwa mkono, funika nusu saa, viringa upya. Vikigoma hata hapo, vimwage juu ya mtindi asubuhi.